Mmoja ana haraka ya kukua, mwengine ameshajifanya mtu mzima

Assalaam alaykum Mwalimu,

Naomba unisaidie, maana nyumbani kila mtu ana lake la kusema na mimi niko katikati.

Ninaishi Wilaya ya Wete, hapa Pemba. Nina watoto wawili. Mkubwa ni mwanamme, ana miaka tisa. Mdogo wake ni mwanamke, ametimia sita mwaka huu na ameanza darasa la kwanza. Baba yao ni mvuvi wa dagaa, huenda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, na akiondoka hupita wiki tatu hatujamtia machoni. Mimi nashona nguo nyumbani. Wateja wangu wengi hunitumia picha za mishono na pesa kwa simu, basi mkono mmoja uko kwenye cherehani, mwengine kwenye simu.

Huyu mdogo kila siku wimbo wake ni mmoja, anataka kuwa mkubwa, tena sasa hivi. Nikimwamsha kwenda skuli analia kuwa watu wakubwa hawaamshwi. Nikimwambia jioni aende chuoni kusoma Kurani anauliza kwa nini mimi siendi. Anasema wakubwa wana raha, wanalala wakitaka, wanakula wakitaka, simu zao, pesa zao. Baba yake akirudi dago hulala mchana kutwa kwa uchovu. Siku moja walikuja wageni wakamuuliza baba yako yuko wapi, akajibu: "Baba hana kazi, yeye analala tu." Baba yake alikuwa anasikia. Hakusema kitu, lakini niliona alivyoumia.

Mkubwa ndiye anayenitia hofu. Nilikuwa nikimtuma dukani na daftari la kukopea, kama wanavyotumwa watoto wote hapa mtaani. Kusi hii bahari ilichafuka, baba yao akarudi mikono mitupu, deni likapanda. Mwenye duka akamwambia mtoto mbele ya watu: "Mwambie mama yako daftari limejaa, mchele huu ndio wa mwisho." Tangu siku ile mwanangu si yule. Wenzake wakimwita kwenye mpira hatoki. Ananiuliza tumebakiwa na shilingi ngapi. Akiona nakuna nazi mbili anasema moja inatosha. Karafuu zilipoanza alikwenda kwa bibi yake Mtambwe kuokota mpeta, zile karafuu zinazoanguka chini ya mikarafuu. Bibi yake akaziuza pamoja na zake, akampa fungu lake, na yeye akaniletea lote, hakubakisha hata la barafu ya kulamba. Nilipomwambia abakishe anunue mpira, alilia. Usiku huzinduka akauliza kama baba amepiga simu.

Bibi yao, mama wa mume wangu, anafurahi. Anasema kijana amepata akili, na huyo mdogo naye atwikwe kazi za nyumbani ataujua ukubwa. Shoga yangu anasema watoto wasiambiwe shida za nyumba wala wasifanyishwe kazi, eti hizo ndizo haki za mtoto. Baba yao anasema dunia itawafundisha wenyewe. Mimi nataka watoto wangu waufurahie utoto wao, na pia wajue kuwa ukubwa una mzigo. Nitafanyaje vyote viwili?

Mama wa wawili, Wete

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu,

Nitaanza na huyu kaka, kwa sababu ndiye anayeumia. Mdogo wake anaweza kungoja.

Mtoto wa miaka tisa anajua hesabu ya kutosha kuelewa kuwa deni ni kubwa, lakini hajaishi miaka ya kutosha kujua kuwa deni hulipwa. Wewe umeona kusi nyingi zikija na kuondoka. Umeona daftari likijaa, likafutwa, likajaa tena, na nyumba ikabaki imesimama. Yeye amesikia neno moja tu, "wa mwisho", akalichukua kama lilivyo. Kwake yeye maana yake ni kuwa kesho hakuna chakula. Basi anachokifanya si utu uzima, ingawa bibi yake anakiona hivyo, Mungu amjaalie. Mtoto mwenye akili haachi kucheza. Huyu ameacha kucheza kwa sababu ana hofu.

Usimwambie kuwa deni halipo. Amelisikia kwa masikio yake, na ukimficha atajifunza kuwa mama huficha, halafu kila ukimya wako atautafsiri kwa ubaya. Kaa naye peke yake, mdogo wake asiwepo, umwambie kwa maneno machache: Deni lipo. Ni langu na la baba yako, tulilikopa sisi na tutalilipa sisi. Baba akirudi tutatoa kiasi, na nguo za sikukuu nikizimaliza nitatoa kilichobaki. Chakula cha leo kipo na cha kesho kipo. Ukishamaliza kusema hayo, nyamaza umwache aulize. Akiuliza swali lile lile mara kumi, mjibu mara kumi bila ya kukasirika. Na siku mnayolipa, hata kama ni nusu, mwonyeshe ule ukurasa uliokatwa mstari. Aliuona mwanzo wa jambo hili, basi lazima auone na mwisho wake.

Daftari usimpe tena. Aende dukani na pesa mkononi, anunue sukari, ahesabu chenji, hiyo ni kazi nzuri kwa umri wake. Deni liendewe na mtu mzima. Mwendee yule mwenye duka wewe mwenyewe, wakati hana wateja, umwambie kwa adabu kuwa akiwa na la kudai akupigie wewe au amngoje baba yao. Wenye maduka wa mitaani wengi ni wazazi pia. Alilolisema alilisema kwa kubanwa, na naamini ukimweleza mtoto alivyobadilika ataelewa.

Sasa zile pesa za mpeta. Ulitaka abakishe, na nia yako ilikuwa njema, lakini mtoto aliyeleta alichonacho chote akirudishiwa huona kuwa msaada wake haukufaa kitu. Ndiyo maana alilia. Pokea. Mshukuru kwa jina lake, na kile utakachokinunua kwa pesa hiyo umwambie ni chake yeye alichokileta: "Dagaa hawa wa leo wametoka kwenye karafuu zako." Kisha, siku nyengine kabisa, wewe kwa mkono wako umnunulie mpira au uzi wa tiara. Asichague yeye baina ya mchele na mpira. Mtoto aliyeshika hofu atachagua mchele kila siku.

Huko Mtambwe muache aende, lakini kwa masharti. Mikarafuu asiipande. Mkarafuu wa zamani ni mrefu kuliko nyumba, matawi yake hukatika ghafla, na kila msimu kisiwani petu wapo wanaoanguka, nao ni watu wazima wenye uzoefu. Kazi yake iwe chini: kuokota, kuchambua jioni pamoja na wenzake, kuanika jamvini, na kukimbilia kuzianua mvua ikitaka kunyesha. Hapo mtoto anajifunza mengi bila ya kuhubiriwa. Mwambie bibi yake ampimie karafuu mbichi kilo tatu, zikishakauka azipime tena aone zimebaki kama kilo moja. Atazishika mwenyewe, atajua kuwa ile pesa ya mwisho imepita njia ndefu, jua na mvua na mikono ya watu wengi. Hiyo ndiyo elimu ya ukubwa inayomfaa. Elimu ya "tumebakiwa na shilingi ngapi" haimfai.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na bibi yao na shoga yako kwa pamoja. Bibi anachanganya kazi na mzigo, na shoga yako anachanganya vile vile, ila yeye anavitupa vyote viwili. Kazi mpe mtoto. Wasiwasi baki nao wewe. Mtoto anaweza kukosha vyombo, kufagia uwanja, kuchambua mchele, kumshika mdogo wake mkono wakivuka barabara, na bado akawa mtoto mwenye furaha, kwa sababu kazi hizo zina mwanzo na zina mwisho. Akimaliza amemaliza, anakwenda zake kucheza. Wasiwasi wa riziki hauna mwisho, na ndiyo sababu haumfai.

Shoga yako akikuletea haki za mtoto, mwambie azisome zote. Upo Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, na Tanzania ikauridhia mwaka 2003. Ibara yake ya 12 inampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza michezo ya umri wake. Ibara ya 31 inamtaja mtoto kuwa na wajibu: aijenge familia yake, awaheshimu wazazi na wakubwa, na awasaidie wanapohitaji, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Yote mawili yamo ndani ya mkataba mmoja. Na bibi akisema kuwa kuchezesha watoto ni mambo ya kigeni, mkumbushe kwa upole aliyoyasimulia Bi Rubayyi binti Muawwidh, mmoja wa masahaba wa Mtume, Radhi za Allah ziwe juu yake. Walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura, na mtoto akililia chakula wakimpa kitu cha kuchezea walichokitengeneza kwa sufu mpaka wakati wa kufuturu ufike. Wale walikuwa wanawake wa Madina, hakuna aliyewashinda kwa dini, na waliiona ibada na mchezo vinakaa pamoja mikononi mwa mtoto.

Wala usimrudishie mkweo maneno makali. Mtumie. Muombe awafundishe watoto mdako, awaambie wao walicheza nini zamani mwezi ukiwa mweupe, nani alikuwa hodari wa kibe, nani alilia akishindwa. Mtoto anayesikia kuwa bibi yake naye aliwahi kuwa mtoto mtundu anaanza kuelewa kuwa utoto ni wakati, unakuja na unapita kwa kila mtu. Sikushauri umwambie wewe, "furahia sasa, utakuja kujuta." Maneno hayo tunayapenda sana watu wazima na hayajawahi kumfurahisha mtoto hata mmoja. Yanamfanya auone ukubwa kuwa adhabu inayomngoja. Utoto haufurahiwi kwa kuambiwa, unafurahiwa kwa kupewa nafasi.

Nafasi yenyewe uitafute kwa hesabu. Asubuhi skuli, mchana chakula na vyombo, alasiri chuoni, magharibi sala, kisha kazi za skuli na usingizi. Saa ya kucheza iko wapi? Vyuo vingi hufunga Alhamisi na Ijumaa. Jioni hizo mbili ziwe zao, asitumwe mtu, asikumbushwe mtu daftari wala cherehani. Huyu kaka usimsukume nje kwa amri, hataenda. Mpe sababu. Baba yake akiwa nyumbani wachonge pamoja kigalawa kidogo cha mti laini, wakitie tanga la mfuko, wakakishindanishe na vya wenzake pwani maji yakijaa. Mara nyingi mtoto aliyeacha kucheza na wenzake hurudia kupitia kucheza na mzazi mmoja. Na ukimuona amekaa kimya, muulize habari za vitu vyake vidogo, kama Mtume, rehma na amani zimshukie, alivyomuuliza yule mtoto Abu Umayr habari za kindege chake kilichokufa. Alikuwa na umma mzima wa kuushughulikia, na bado alisimama kwa ajili ya kindege cha mtoto.

Tuje kwa bibi mdogo, huyo binti yako.

Huyu hana ugonjwa. Ana macho. Anachokiona cha ukubwa ni mwisho wake tu: baba aliyelala, mama aliyeshika simu, pesa zinazotoka mfukoni. Katikati hapaoni. Zamani kazi ya mzazi ilikuwa mbele ya mtoto, shambani, pwani, kwenye kinu, na mtoto alijua jasho limetoka wapi. Sasa nusu ya kazi yako imo ndani ya simu, na simu kwake ni kitu cha katuni. Basi izungumze kazi yako kwa sauti. "Huyu anataka gauni la Ijumaa, nampigia hesabu ya kitambaa." "Huyu ametuma pesa, hii ya uzi, hii ya umeme, hii ya kwetu." Maneno kumi tu kila mara. Baada ya muda atakuwa akikuuliza mwenyewe hii ni ya nani.

Ya baba yake ni nzito zaidi, maana heshima ya mtu imo ndani. Usimpige wala usimlazimishe kuomba radhi, amesema alichokiona. Mtoe nje usiku umwonyeshe mbingu. Mwambie kuwa dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufaa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa vizuri, wavuvi hurudi majumbani. Kwa hivyo sisi tukizima taa kulala, baba ndiyo kwanza anaanza kazi. Kila usiku wa giza atazame juu, aseme "baba yuko kazini", na mwezi ukianza kunenepa ajue anakaribia kurudi. Siku atakayomuona amelala mchana atajua analipa usingizi wa usiku mwingi. Kaka yake naye hilo litamsaidia. Anayezinduka kuuliza kama baba amepiga simu anahitaji kitu cha kuhesabia, na mwezi una hesabu yake.

Baba yao akirudi, naye asimuachie dunia kazi ya kufundisha. Dunia hufundisha, lakini haina huruma na haichagui umri. Akishapumzika awachukue wote wawili pwani wamuone akishona nyavu, wakiona chombo kinatiwa kalafati. Kisha awakalishe barazani na komwe za bao ishirini. Awaambie hizi ndizo pesa za dago zima. Ngapi zimekwenda kwenye mafuta ya mashine, ngapi kwenye chakula cha kule dago, ngapi ni fungu la mwenye chombo na nyavu, zilizobaki wamegawana mabaharia wangapi? Kila chombo kina mgao wake, baba yao ndiye anayeujua wa kwake. Muachie mdogo azisogeze kwa mkono wake. Akiona mbele ya baba zimebaki komwe mbili, hutakuwa na haja ya kumweleza tena kuhusu raha ya watu wakubwa. Lakini zoezi hili lisifanywe wakati wa kusi kali au siku ya ugomvi wa pesa. Lifanywe siku baba amerudi na kitu, nyumba ina furaha, ili kaka mtu asiligeuze kuwa hofu mpya.

Kuna jambo moja zaidi katika maneno ya huyu mdogo, nawe usilipite. Anapolia kuwa wakubwa wanafanya watakavyo, anakwambia kuwa yeye hachagui chochote siku nzima. Mpe vya kuchagua vinavyolingana naye: nywele zisukwe vipi, aoge kabla ya chai au baada, ale muhogo au boflo kama vyote vipo. Skuli na chuo si vya kuchagua, na hapo ushike msimamo bila ya kelele. Akisema wewe huendi chuoni, mwambie wewe ulikwenda, umwonyeshe juzuu yako kama ipo, umsomee unachokikumbuka.

Na ukubwa anaoutamani mpe kidogo kidogo, tena kwa heshima. Mwakani anatimia saba, umri ambao Mtume ametuagiza tuwaamrishe watoto sala. Anza kumtayarisha sasa. Mshonee kanga yake ya kusalia kwa cherehani yako, tafuta mswala mdogo wa kwake, umwambie hii ni kazi ya kwanza ya watu wakubwa utakayokabidhiwa. Utamuona anavyojinyoosha. Kazi za nyumbani nazo umpe moja iliyo yake peke yake, kama kuwapa kuku maji kila jioni, na asipofanya asipigiwe kelele. Mpeleke awaone kuku wenye kiu, awape mwenyewe. Zile kazi nyingi anazozitaka bibi, za kumkomoa, usizikubali. Mtoto akipewa kazi kama adhabu ataichukia kazi, na ukubwa ataendelea kuutamani kwa sababu atadhani wakubwa ndio wanaotuma na wadogo ndio wanaotumwa.

Nirudi kwa kaka kwa neno la mwisho. Yajaribu haya kwa mwezi mmoja. Kama bado anazinduka usiku, au asubuhi tumbo linamuuma bila ya sababu, au alama zake zimeanguka na hataki kula, usingoje. Mweleze mwalimu wake wa darasa yaliyotokea dukani, kwa siri, na umpeleke kituo cha afya. Waeleze kuwa ana hofu, usiseme tumbo tu, maana ukisema tumbo watakupa dawa ya minyoo mrudi nyumbani.

Mbusu huyo bibi mdogo, na nisalimie bibi yao. Baba yao akirudi mpe barua hii naye aisome.

Mwalimu